Kompresa ya Bwana Mita

Mshonaji huyu alikuwa hodari wa kushona, lakini alikuwa hodari zaidi wa kusonya. Alikuwa na msonyo wa wateja wanaochelewa kuja kupimwa, msonyo wa vitambaa vinavyochuja rangi, na wa tatu, mrefu kuliko yote, uliokuwa wa mumewe peke yake. Huo ulipita kwenye meno kama kitambaa kinachochanwa, ukamalizikia kwa kichwa kugeuzwa pembeni. Mumewe aliusikia kwa miaka thelathini na minne ya ndoa, asubuhi kabla ya chai na jioni baada ya taarifa ya habari, mpaka ikafika mahali hageuki tena kuuliza kosa lake ni lipi.

Mume huyo alikuwa msoma mita za maji. Tangu ujana hadi kustaafu, kazi yake ilikuwa kuinama kwenye visanduku vya zege mbele ya nyumba za watu, kufuta tope kwenye kioo, kusoma tarakimu na kuziandika. Mtaa ulimwita Bwana Mita, kwa mapenzi. Mkewe naye alimwita hivyo, lakini si kwa mapenzi. Hakuona kwamba ile ilikuwa kazi. Kazi, kwa akili yake, ni kitu ambacho ukimaliza unakiangika kwenye hanga watu wakakiona.

Kila jioni alimpigia simu mdogo wake, aliyeolewa mji mwingine. Mdogo mtu huyo hakuwa hata na salamu. Akipokea tu anasema, "Enhe, dada, leo kafanya nini?" na dada mtu anaanza. Leo kasahau mkate. Leo kasahau miwani dukani. Leo kasahau bomba la nyuma, maji yamemwagika kutwa, na yeye ndiye mtu wa maji. Ukweli ni kwamba Bwana Mita alisahau kama sisi wote tunavyosahau, hakuzidisha. Tofauti ni kwamba sisi hatuna mtu wa kututangaza. Neno "Umesahau tena" lilisemwa ndani ya nyumba ile mara nyingi mno, hata yule bwana akawa anajibu "Nimesahau, mama" kabla hajaambiwa ni nini.

Alipostaafu, mkewe alitegemea atakaa kibarazani na redio yake kama wastaafu wenye akili timamu. Badala yake jino likamuuma. Daktari wa meno aliyemng'oa alikuwa ametundika ukutani picha yake mwenyewe, amevaa nguo nyeusi ya mpira, mtungi wa hewa mgongoni, amesimama kando ya maji anacheka. Bwana Mita, mdomo umejaa pamba, akainyooshea kidole. Daktari kupata msikilizaji asiyeweza kumkatisha, akamweleza yote.

Nje ya mji kulikuwa na machimbo ya mawe yaliyoachwa zamani, yakajaa maji ya kijani yenye kina cha mita ishirini na ushee. Kila Jumamosi asubuhi kikundi cha watu saba au wanane walikwenda kuzamia pale. Bwana Mita akajiunga, akafundishwa na mwalimu wa kuogelea, mwanamke mmoja mwenye mabega mapana na maneno machache, na baada ya miezi mitatu akapewa cheti. Alikileta nyumbani akakiweka mezani. Mkewe akakisogeza kwa mkasi ili aweke sahani.

"Huko chini kuna nini?" aliuliza.

"Kuna lori," mume akasema. "Lori la zamani, limebaki pale tangu machimbo yafungwe. Na ngazi ya chuma."

"Lori! Barabara nzima imejaa malori, moshi wake unatuingia mpaka kwenye sufuria, wewe unakwenda kutafuta lori ndani ya maji!"

Siku alipojaribu ile nguo nyeusi chumbani, kitambi kimetokeza mbele na mikono imesimama pembeni kwa kubanwa, mkewe alicheka mpaka akakaa kitandani. Akampiga picha akamtumia mdogo wake. Mume naye alicheka kidogo, kwa adabu, kisha akageukia ukuta kujivua.

Siku nyingine alimchokoza tena. "Nisaidie kuelewa, Bwana Mita. Mtu mzima, miaka sitini na mmoja. Ukishafika kwa hilo lori lako, unapata nini?"

Mume alikoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka. "Kimya," akasema. "Unasikia pumzi yako tu. Hakuna anayekuambia kitu."

Jioni ile simu ilikuwa ya moto. Mdogo mtu alipiga kelele, "Dada, anakukimbia huyo! Anakukimbilia chini ya maji!" Walivunjika mbavu wote wawili, mmoja huku na mmoja kule.

Kisha duka pekee lililokuwa linajaza mitungi mjini likafungwa, mwenyewe akahama na mashine zake. Kikundi kikabaki na mitungi mitupu. Watu wakapiga domo wiki mbili, kila mmoja akimtazama mwenzake, na wote walikuwa watu wenye uwezo. Aliyekata shauri akawa msoma mita. Alisema atanunua kompresa ndogo ya nyumbani, ataiweka kwake, na kila mwenye mtungi apeleke.

Mkewe aliposikia aliacha kukanyaga cherehani. "Si uende kwa fundi matairi pale kona? Anayo kompresa, anajaza mpaka matrekta."

Bwana Mita akamweleza, na hapa lazima tuseme alieleza vizuri, kwa sababu baadaye itahitajika kujulikana kwamba alieleza. Alisema ya fundi matairi haina nguvu hizo, na ina mafuta. Hii ya kuzamia inachukua hewa ya kujaza kabati kubwa la nguo na kuishindilia yote ndani ya mtungi ambao mtu anaubeba mgongoni. Hewa hiyo ndiyo mtu anayovuta akiwa chini, hana nyingine. Kwa hiyo mashine inavyonyonya hewa, lazima inyonye hewa safi. Ikinyonya moshi, mtu atavuta moshi, tena chini kule unamwingia kwa nguvu zaidi, na sumu yake haina harufu. Mkewe alisikiliza huku pini tatu ziko mdomoni. Alisikia. Asije mtu akasema hakusikia.

Siku ya kununua alimfuata, asije mzee wa watu akauziwa mbuzi kwenye gunia. Lilikuwa ghala la mashine zilizotumika, sakafu imelowa oili, na muuzaji alikuwa mtu wa makamo mwenye viatu vya kung'aa visivyofanana na mahali pale. Alimpokea mama kwanza, akamvutia kiti, kisha ndipo akamwona mzee.

"Hii hapa ni kama mpya, mzee wangu. Imetumika kidogo sana. Mwenyewe alikuwa anaiwasha mara moja moja tu."

Ilikuwa ndogo, ukubwa wa cherehani na meza yake, ina injini ya petroli, gurudumu la kupepea, na mitungi mitatu ya pistoni iliyopungua ukubwa mmoja baada ya mwingine. Bwana Mita alichuchumaa mbele yake, magoti yakalia. Akafungua kikombe cha chujio, akalitoa, akalinusa, akamwonyesha muuzaji. Lilikuwa jeusi kama masizi. Akaomba iwashwe. Ilipoanza kunguruma alifumba macho na kuweka kiganja juu ya pistoni ya kwanza, kisha ya pili, kisha ile ndogo ya mwisho. Akakaa hivyo dakika nzima. Kumbe miaka yote ile ya kuinama barabarani alikuwa anasikiliza pia, mabomba yanavyopita chini ya lami, wapi panavuja na wapi pameziba.

"Hii ya tatu inagonga," alisema. "Ringi yake imekwisha."

Muuzaji akacheka. Fundi wake akaitwa, akafungua, akatoa ringi iliyolika upande mmoja. Muuzaji aliacha kucheka. Kuanzia pale hakumwita mzee wangu, alimwita mkuu, na viatu vyake vya kung'aa vikawa vinakanyaga oili bila kujali.

Mshonaji aliyaona haya yote akiwa kwenye kiti chake. Kuna kitu kilimpita kifuani, kitu kama fahari, na hakukipenda hata kidogo. Angekiruhusu kikae, ingembidi afumue mshono wa miaka thelathini na minne. Kwa hiyo akasema kwa sauti ya kusikika ghala zima, "Haya, kama mmemaliza kuipima mapigo ya moyo, mimi nina magauni mawili ya kumaliza leo."

Muuzaji akaona upenyo, akacheka kuliko wote. Bwana Mita alitabasamu akitazama sakafu, akasema atairudia wiki ijayo, ikishawekwa ringi mpya na chujio jipya. Na akairudia.

Chumba cha kushonea kilikuwa ubavuni mwa nyumba, kina mlango wake na dirisha kubwa linalotazama geti, ambako wateja waliingilia. Nyuma ya ukuta wake Bwana Mita alijenga kibanda cha mabati, akaweka kompresa juu ya meza ya mbao, ekzosi ikitoa moshi kuelekea uani. Ili mashine isinyonye moshi wake yenyewe, alinunua mpira mweusi mrefu, akauzungusha ukutani mpaka mbele ya nyumba, akaupandisha juu ya mti mrefu aliouchimbia kwenye kona ya dirisha. Kule juu, mdomo wa mpira uliofungwa kipande cha wavu ulinyonya upepo safi wa barazani. Aliufunga kwa kamba usawa wa juu ya dirisha, mafundo mawili.

Kisha akaandika karatasi. Maneno saba kwa herufi kubwa za mtu wa mita, akaivisha nailoni na kuigongomea karibu na mashine. OILI. CHUJIO. PETROLI. MPIRA UKO JUU. Na mengine. Kila akijaza aliweka alama ya penseli kwenye kila neno.

"Unajiandikia barua?" mkewe aliuliza.

"Si unajua nasahau," akasema mume, bila kinyongo.

Kwa miezi miwili kila Ijumaa alasiri mashine ilinguruma, mitungi ikisimama ndani ya pipa la maji isipate joto, na kila Jumamosi kikundi kilishuka kuliona lori. Daktari wa meno akawa anakuja na kusema, "Shemeji, huyu mzee ni hazina." Shemeji mtu alibenua mdomo. Kazini hakupata raha. Mpira ule mweusi ulikatiza mbele ya dirisha lake, dirisha alilokuwa amelishonea pazia la urembo kwa mikono yake, na kila mteja aliyeingia aliutazama.

Alhamisi moja akaja mke wa wakili, mteja mpya, wa kwanza kufika pale na gari lenye dereva. Akapimwa, akazunguka mbele ya kioo, kisha akatazama nje.

"Samahani," akasema, "hilo ni bomba la choo?"

Mshonaji alisikia uso unamwaka. Akasema ni mambo ya mafundi, yataondolewa. Mke wa wakili akaahidi kurudi kesho yake kujaribu gauni.

Ijumaa asubuhi, mume akiwa amekwenda kununua petroli, mshonaji alipanda juu ya kiti cha wateja. Mafundo yale mawili yalikuwa yamekaza. Mkasi ulikuwa shingoni mwake, ulikuwa shingoni siku zote, umefungwa kwa utepe. Akakata kamba, akauvuta mpira chini, akauzungusha nyuma na kuusokomeza chini ya ile meza ya mbao, nyuma ya dumu. Mti aliuacha kwa sababu ulichimbiwa na hakuwa na nguvu ya kuung'oa. "Mpira ni mpira, hewa ni hewa," alijiambia. "Itanyonya huko huko."

Alasiri mke wa wakili alikuwa amesimama katikati ya chumba, gauni mwilini, dirisha halina mpira, pazia linaonekana lote. Nyuma ya ukuta mashine ikaanza kunguruma. Mshonaji alikuwa amepiga magoti anapanga pindo, pini mdomoni, na akaukumbuka mpira. Aliukumbuka vizuri tu. Akawaza, "Atauona mwenyewe, si ana karatasi yake." Akachukua pini nyingine.

Bwana Mita hakuuona. Alisimama kibandani, akatazama juu ya paa, akaona ncha ya mti pale pale ilipokuwa, akaweka alama ya penseli. MPIRA UKO JUU. Akajaza mitungi miwili, mmoja wa daktari na mmoja wake.

Jumamosi, machimboni, ukanda wa miwani ya Bwana Mita ulikatika wakati anavaa. Daktari hakumngoja, akatangulia na mwalimu wa kuogelea, ambaye mtungi wake ulikuwa bado na hewa ya wiki iliyopita. Hawakufika kwenye lori. Kichwa cha daktari kilianza kupiga kama nyundo, macho yakaona mawili mawili, na mwalimu alipomwona anarusha mikono ovyo alimkamata akampandisha taratibu. Pale juu ya mawe alitapika, akaongea maneno yasiyoshikana. Wakamkimbiza hospitali akawekewa hewa ya oksijeni. Mwalimu alikuwa na kifaa kidogo cha kupima hewa nyumbani kwake. Akakileta, akafungua mtungi wa pili, ule ambao Bwana Mita alikuwa karibu auvute. Ilikuwa sumu ya moshi wa injini. Chujio lilikuwa limeondoa harufu yote na kuiacha sumu yenyewe.

Bwana Mita alirudi nyumbani mchana, akapita moja kwa moja nyuma ya nyumba. Mkewe alikuwa anapiga pasi. Akamwona anatokea mlangoni, viatu vina tope, ameshika ncha ya ule mpira mweusi mkononi.

"Nimemtilia daktari sumu," alisema.

Pasi ilibaki juu hewani. Akamweleza yote, ya machimbo na ya hospitali, kwamba daktari yuko hai, atalala pale siku moja watazame. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma tarakimu.

"Ulikuwa nyuma ya dumu," alisema. "Pembeni ya ekzosi kabisa. Jumapili niliuteremsha kuuosha. Nilidhani niliurudisha. Nimeweka na alama kwamba uko juu, mama. Nimeweka alama kwa mkono wangu. Nimesahau."

Mshonaji alifungua mdomo. Alikuwa na la kusema, na lilikuwa fupi, maneno mawili matatu tu. Lakini mdomo una mazoea yake kama mguu juu ya cherehani, na lililotoka ni lile lile la siku zote.

"Umesahau tena," akasema.

Mume akatikisa kichwa kukubali. Akaenda kuukunja mpira.

Ukitaka kujua kama alikusudia, muulize mwenyewe, na hata yeye hatakuwa na jibu. Ila jioni ile alikuwa na nafasi ya kusema. Kesho yake pia. Jumatatu daktari alitoka hospitali, akaja kuwaona, amepauka kidogo usoni, na kumwambia kando, "Shemeji, mwambie mzee asijilaumu hivi. Kila mtu anakosea." Mshonaji akamtilia chai. Akamwekea na sukari.  Tuko tayari kumwita mwoga, na tunamwita: mwanamke aliyekuwa na neno kwa kila mtu mtaani alikosa neno moja kwa mumewe.

Kikundi kilimwomba Bwana Mita asijaze tena mitungi ya watu. Walimwomba kwa heshima, na hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi. Akasema wana haki. Akaacha kwenda Jumamosi. Nguo nyeusi ikaning'inia nyuma ya mlango, ikakauka na kukakamaa. Akatangaza kompresa inauzwa.

Na sasa akaanza kusahau kweli. Anafunga bomba, anafika mlangoni, anarudi kulitazama, anaondoka, anarudi tena. Anauliza, "Mama, taa nimezima?" na taa imezimwa mbele ya macho yake. Dawa za presha akawa anamwomba mkewe ndiye amhesabie. Siku moja alimkuta amesimama uani ameshika funguo, anazitazama kama mtu aliyepewa kitu cha mwenziwe. Zamani hilo lingekuwa karamu ya simu nzima. Mdogo mtu alipokea jioni ile, "Enhe, dada, leo kafanya nini?" na dada akajibu, "Hakuna," akasingizia kuumwa kichwa.

Mnunuzi wa kwanza alikuwa fundi matairi wa pale kona, akitaka ya kujazia malori. Bwana Mita alikataa, akamwambia hii itarusha tairi na yeye mwenyewe mpaka juu ya paa. Mnunuzi wa pili alikuwa mwalimu wa kuogelea. Alikuja Jumatano asubuhi na gari la kubebea mizigo, akazungushwa kila sehemu, akapewa daftari la saa ilizofanya kazi, akapewa ile karatasi ya maneno saba.

"Hili la nne," Bwana Mita alimwambia, "usitazame kutoka kibandani. Nenda mbele ukaone kwa macho. Mimi sikwenda."

"Nionyeshe ulivyoufunga," mwalimu akasema. "Nikaufunge hivyo hivyo kwangu."

Wakaja mbele. Mshonaji aliwaona kupitia dirishani, akaacha kukanyaga. Mwalimu, kwa urefu wake, aliukamata mti na kunyoosha mkono juu. Akakaa anatazama.

"Mzee, hii kamba haikufunguliwa. Mafundo yako yote mawili bado yapo hapa. Imekatwa. Imekatwa safi, na mkasi."

Bwana Mita alisogea, akainua miwani, akakitazama kile kipande cha kamba. Ni mtu aliyekuwa hatupi kamba. Kila kamba aliifungua kwa kucha, akaikunja na kuitia mfukoni, tangu ujana wake. Alikitazama muda mrefu, na mshonaji nyuma ya pazia lake la urembo akajua sasa atageuka.

Hakugeuka. "Basi nitakuwa niliikata mimi," akasema polepole. "Niliikata nikasahau. Ona hali niliyofika, mwalimu. Hata hilo silikumbuki."

Hapo ndipo mshonaji aliposhindwa. Sumu alikuwa ameivumilia, na hospitali, na chai ya daktari. Lakini mtu kukumbuka kosa ambalo hakulifanya, kulipokea tu, kama mkate anaoambiwa alete, hilo lilimtoa kwenye kiti. Akatoka nje, mkasi unamgonga kifuani.

"Hukusahau," alisema. "Niliikata mimi."

Mwalimu akaachia mti.

"Lini?" Bwana Mita akauliza.

"Ijumaa ile asubuhi. Kwa ajili ya mke wa wakili. Aliuita bomba la choo."

"Na Jumamosi niliporudi, ukiwa unapiga pasi. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Alingoja afoke. Alitamani afoke, angalau mara moja katika maisha yao, apate na yeye cha kujibu. Lakini uso wa mumewe ulikuwa unafunguka, kidogo kidogo, kama wa mtu anayesikia maji yanapita tena kwenye bomba.

"Kumbe niliurudisha," alimwambia mwalimu. "Jumapili. Niliuosha, nikapanda, nikafunga mara mbili. Nakumbuka kabisa, kulikuwa na upepo." Akacheka, kicheko cha pumzi tupu. "Akili yangu nzima, mwalimu. Iko nzima!"

"Iko nzima, mzee," mwalimu akasema, akitazama pembeni.

"Basi niwie radhi kwa usumbufu. Mashine haiuzwi."

Mwalimu alikubali haraka, akaingia kwenye gari lake, akaondoka bila kumuaga mshonaji. Bwana Mita akatoa kile kipande cha kamba mtini, akakikunja, akakitia mfukoni. Kisha ndipo akamtazama mkewe. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama jinsi alivyokuwa akitazama kioo cha mita, kusoma kilichoandikwa pale, na alipomaliza kusoma alikuwa amemaliza.

"Mpigie daktari simu," alisema. "Sasa hivi, mwambie mwenyewe."

"Nitampigia, baba."

"Ukimaliza naye, mpigie mdogo wako. Mwambie na hili." Alikuwa ameanza kwenda kibandani, na alisema bila kugeuka, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Kuta za nyumba hii ni nyembamba, mama. Mengine yote nilikuwa nasikia unamwambia."

Mshonaji aliingia chumba cha kushonea akakaa. Daktari alipokea, akasikiliza mpaka mwisho, akasema asante kwa kumwambia, na hakumwita shemeji. Kisha akatafuta namba ya mdogo wake. Nyuma ya ukuta mashine ikawashwa, ikakohoa, ikatulia kwenye mngurumo wake. Simu iliita mara mbili tu.

"Enhe, dada," ile sauti ikasema, tayari ina kicheko ndani yake. "Leo kafanya nini?"